Kamyo ya tani 40 inayopimwa chini ya sifuri

Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu hapa Lubumbashi zoezi lilelile: waandike programu ya mizani ya kamyo, zile zinazobeba shaba kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Na kila mwaka yupo anayehifadhi uzito katika namba kamili ya biti 16 (tarakimu 16 za 0 au 1) yenye alama ya chanya au hasi, kwa kuwa amesikia ndogo ndiyo nzuri. Tunapandisha kamyo ya kilo 40,000. Skrini inaandika −25,536.

Mizani ni nzima. Biti 16 zina michanganyiko 65,536, basi. Ukitaka na namba hasi, nusu inakwenda huko na upande wa juu unaishia 32,767. Uzito wetu umepita hapo, ukaangukia upande wa pili: 40,000 toa 65,536. Ukiacha alama unafika hadi 65,535, na darasa linapumua. Ndipo naleta kamyo yenye trela, kilo 66,000. Skrini inasema 464. Kwangu hili ni baya zaidi, maana namba hasi humshtua karani, lakini 464 ikishazama katika jumla ya mwezi, nani ataiona? Roketi ya Ariane 5 iliangushwa tarehe 4 Juni 1996 na kosa la ukoo huu: namba ya desimali ya biti 64 ilisukumwa iingie katika namba kamili ya biti 16.

Baada ya hapo wengi hukimbilia biti 64 kwa kila kitu. Kwa kigezo kimoja (nafasi ya kumbukumbu inayoshika thamani) kinachohesabu kamyo za leo, sibishani nao. Baiti sita za tofauti (baiti ni biti 8) hazimtajirishi mtu. Shida huanza rekodi zinapofika milioni.

Tazama rekodi moja: idadi ya ekseli (baiti 1), uzito (baiti 4), kuingia au kutoka (baiti 1). Jumla sita? Katika lugha ya programu ya C, ukiziandika kwa mpangilio huo, kwa kawaida utapata 12. Uzito wa baiti 4 hutaka kuanzia kwenye anwani ya kumbukumbu inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) huacha baiti tatu tupu kabla yake, na tatu nyingine mwishoni. Tanguliza uzito, zinabaki 8. Lugha ya Rust inaweza kupanga upya yenyewe; C haikugusii kitu.

Tunaweza kubana zaidi. Ikiwa mizani husoma kwa hatua ya kilo 20, ya nini kuhifadhi kilo? Hifadhi hatua. Kilo 40,000 ni hatua 2,000, na biti 16 zisizo na alama zinafika tani 1,310. Hakuna kamyo ya hivyo. Rekodi inakuwa baiti 4. Milioni moja zinashuka kutoka megabaiti 12 hadi 4, na kichakataji kinachovuta baiti 64 kwa mkupuo kinapata rekodi 16 badala ya tano.

Upana wa namba uuandike wazi; kwa biti 16 zisizo na alama: uint16_t katika C tangu toleo la 1999, u16 katika Rust. Ile int tupu ya C (namba kamili isiyotajwa upana) ni biti 16 kwenye kibao kidogo cha Arduino Uno R3 na 32 kwenye laptopu yako.

Jumla ya uzito ni hesabu nyingine. Kamyo milioni moja za kilo 40,000 ni kilo bilioni 40, na biti 32 zisizo na alama zinakoma kwenye 4,294,967,295. Kigezo hicho ni kimoja tu katika programu nzima. Kipe baiti zake nane.