Kuua seli za saratani si kutibu saratani

Ujumbe kwamba majani ya mstafeli "yamethibitishwa kuua saratani" haukomi kuzunguka WhatsApp. Kilichothibitishwa ni kwamba yana sumu kwa seli. Watafiti huloweka majani kwenye kiyeyushi kama ethanoli, huchuja na kukausha, kisha hutia kiasi kidogo kwenye sahani ya maabara yenye seli za saratani. Hupima ni kiasi gani kinachopunguza seli hai hadi nusu.

Swali linalorukwa ni hili: kiasi hicho hicho kinazifanya nini seli nzima, yaani zisizo na saratani? Maana hata spiriti ya kusafishia vidonda huua seli za saratani kwenye sahani.

Mstafeli wenyewe unatuonyesha. Una kemikali iitwayo annonasini, ambayo hubana mitokondria, sehemu inayoipa seli nishati. Seli za ubongo nazo zina mitokondria. Mwaka 1999, watafiti kisiwani Guadeloupe, Karibiani, waliripoti wagonjwa wengi kupita kawaida wenye dalili kama za Pakinsoni (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa kutembea) zisizosikia dawa, wakazihusisha na ulaji wa stafeli na chai ya majani ya jamii hiyo. Haijathibitishwa kuwa ndiyo chanzo, ila maabara annonasini iliua seli za neva pia.

Kisa kingine kinatoka Shimba Hills, Kwale, Kenya. Miaka ya 1970 mti wa Maytenus buchananii ulivunwa huko kwa tani ili Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ipate maytansini, kemikali iliyomo ndani yake. Kwenye sahani iliua seli kwa kiasi kidogo mno. Kwa wagonjwa ilileta kutapika, kuharisha na madhara ya neva, na nafuu ikawa haba, majaribio yakasitishwa. Kemikali iliyotengenezwa kutokana nayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya matiti yenye alama ya HER2 (protini iliyo juu ya seli zake), ikiwa imefungwa kwenye kingamwili, protini inayoitafuta alama hiyo na kuishika. Sumu iliyoshindikana ikiwa huru ilifaa ilipopata wa kuielekeza.

Kwa hiyo, tafadhali, tuandike "imeua seli za saratani maabara", na tutaje seli nzima zilikuwaje. Na aliye kwenye matibabu ya saratani huku akinywa chai ya mstafeli amwambie daktari wake jina la mmea na kiasi anachokunywa.