Kaya si Pori: Piga Hodi Kabla ya Kuingia

Kila likizo ya Agosti inapokaribia, simu ya ofisi yetu hailali. Walimu, akina mama wa chama, vijana wa mtaa waliochanga nauli ya matatu, wote wanauliza: tunataka kuwapeleka watoto waone msitu, twende wapi? Wengi wanadhani msitu uko mbali, huko Mlima Kenya. Nami huwauliza kama wamewahi kunywa juisi ya mabungo. Nani Mombasa hajainywa? Basi bungo ni tunda la mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti ya misitu hiihii ya pwani yetu, na kabla halijafika sokoni Kongowea mtu amelitafuta vichakani. Na maji ya mfereji? Sehemu ya maji yanayoletwa mjini hutoka chemchemi za Marere, kwenye vilima vya Shimba, Kwale.

Kwa hiyo jibu langu huwa fupi: vukeni feri. Upande wa pili wa Likoni kuna misitu ya namna mbili ambayo familia inaweza kuitembelea asubuhi ikarudi jioni. Kuna kaya, misitu midogo mitakatifu ya Wamijikenda, na kuna hifadhi ya Shimba. Masharti yake ni tofauti, na matatizo mengi ya wageni hutokana na kuyachanganya.

Nianze na kaya, kwa sababu ndiko watu hukosea zaidi. Mtu wa mjini akiona miti imeshikana husema "pori". Lakini kaya, kwa lugha za Kimijikenda, ni makao. Kuanzia karne ya 16 watu hawa walijenga miji yao ndani ya msitu mnene, wakaingia na kutoka kwa njia maalumu zenye milango, na katikati wakazika fingo, kago la kuulinda mji. Kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimehamwa, watu wametoka kwenda kulima nje. Nyumba zilianguka, miti ikafunika viwanja. Makaburi yalibaki, fingo likabaki, na wazee wakaendelea kukataza shoka. Ndiyo maana ukipita Kwale au Kilifi leo utaona mashamba ya mihogo na minazi, kisha ghafla kilima kimoja cheusi kwa miti. Hicho hakikusahaulika. Kimekatazwa.

Kuanzia 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za kitaifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake, Kaya Kinondo na kaya za Rabai zikiwamo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hatua hizo zina uzito, ila nitasema wazi maoni yangu: kibao cha serikali peke yake hakijawahi kuzuia panga. Kilichozuia panga ni mzee anayeamka alfajiri akapita njiani kuangalia ni nani aliyeingia jana.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipakia wageni katika matatu mbili nikawapeleka kwenye kaya moja (sitaitaja) bila kumpigia mtu simu. Nilikuwa na barua yenye muhuri, nikaona inatosha. Tulimkuta mzee mmoja ameketi mkekani chini ya mwembe. Alitukaribisha, akaagiza tuletewe maji, akatuuliza habari za safari, za mjini, za bei ya sukari. Barua aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja bila kuifungua. Kisha akaniuliza kwa upole, "Nyumbani kwako, mwanangu, watu huingia tu?" Siku ile wazee walikuwa na shughuli yao ndani. Tulikunywa maji yetu, tukashukuru, tukarudi Likoni na wageni wangu kimya kwenye viti.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupeleka habari mapema, na kuwa tayari kuambiwa siku hiyo haifai. Kaya Kinondo, kusini ya Diani, imezoea wageni na ina waongozaji wake, kwa hiyo ndiyo rahisi kuanzia. Ukifika utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, mwanamume na mwanamke sawa. Si pambo la kupigia picha. Ni alama kwamba umeingia mahali pa heshima, na mtoto anayefungwa kaniki hubadilika mwendo palepale. Nimeona darasa zima lililokuwa likipiga kelele ndani ya basi likiingia kwa minong'ono. Utatembea kwenye njia tu, nyuma ya mwongozaji. Kinondo imeota juu ya mwamba wa matumbawe, mizizi imeshika mawe kama vidole, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika mguu, si patipati. Tazama juu pia. Huko utaona mbega, mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, akiruka bila haraka, na hondohondo utamsikia kabla hujamwona.

Kuna pahali utaambiwa usipige picha. Usiulize mara ya pili.

Na usichukue kitu. Hapa niseme kwa urefu, maana watu hudhani katazo hili ni la ua au tawi bichi. Linahusu pia kijiti kikavu kilichoanguka. Mwaka mmoja tulikwenda na watoto wa darasa la sita kutoka kisiwani, na mvulana mmoja akaokota mbegu ya mbambakofi. Ukiijua hutamlaumu: ni nyeusi ti, inang'aa kama imepakwa mafuta, na ncha yake imevikwa kofia nyekundu. Aliitia mfukoni. Mzee aliyekuwa nyuma yetu hakusema neno mpaka tulipofika karibu na mlango. Ndipo akamwita, akachuchumaa mbele yake, akafungua kiganja. Mvulana aliitoa. Mzee akaishika kati ya vidole viwili, akamwonyesha: "Hii nyekundu ni chakula cha ndege na wadudu. Hii nyeusi ndiyo mti." Wakarudi wawili tu mpaka mahali ilipookotwa, mwendo wa dakika kumi, sisi wengine tukingoja huku mbu wakitula.

Hesabu ya mzee ni ileile ya mtaalamu wa mimea. Kaya nyingi ni ndogo na zimezungukwa na mashamba pande zote. Mti ukianguka, wa kuurithi utatoka kwenye mbegu zilizomo humo humo, kwa kuwa msitu mwingine wa kuzileta uko mbali. Mbambakofi hukua taratibu, na ndio mti ambao mafundi wa pwani waliupenda kwa milango ya nakshi, kwa hiyo nje ya misitu iliyolindwa mikubwa yake imekatwa zamani. Wanafunzi hamsini wakiondoka na mbegu moja moja kila wiki, utafika mwaka ambao hapana cha kuota. Kijiti kikavu nacho huoza, kikawa udongo, na katika mwamba wa Kinondo udongo ni kitu adimu.

Shimba ni habari nyingine. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na huko mwenye kukuruhusu ni geti. Ada hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, si kwa noti mkononi, basi fanya malipo kabla ya kuondoka nyumbani, maana mtandao vilimani una mambo yake. Geti kuu liko baada tu ya mji wa Kwale, unakofika kwa kukunja barabara pale Kombani. Humo ndimo Kenya nzima inamoweka palahala wake, swala wakubwa; hawapo kwingine nchini. Dume ni mweusi, tumbo jeupe, pembe ndefu zilizopinda kurudi mgongoni kama upinde. Jike ni wa rangi ya hudhurungi na wengi humpita wakidhani ni swala wa kawaida. Maporomoko ya Sheldrick, ya mita 21, huendewa kwa miguu na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu tembo nao wana njia zao humo. Kushuka ni raha. Kupanda kurudi utazikumbuka chapati zote ulizokula mwaka huu.

Jambo moja la Shimba ambalo watu hawaambiwi: kuna mbung'o, na mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Kaniki ya Kinondo ibaki Kinondo. Shimba vaa kaki au kijivu, mikono mirefu. Na popote utakapokwenda, usishike majani usiyoyajua. Upupu hauna huruma, na kujikuna kunauzidisha. Mtu akiumwa na nyoka, msichanje wala msinyonye jeraha. Mlazeni, asitembee, msiusogeze mguu au mkono ulioumwa, mkimbizeni hospitali.

Sasa vijiji. Wageni wengi hupita vijijini kana kwamba ni ukuta wa njiani, macho yote yako msituni, na hapo wanapoteza nusu ya safari. Ukitaka kuelewa tembo wa Shimba, zungumza na mkulima ambaye mahindi yake yaliliwa usiku. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Mwaluganje, pembeni mwa Shimba, walitoa mashamba yao yawe hifadhi ya tembo kwa makubaliano kwamba mapato yatagawanywa kwao. Huko hutengenezwa hata karatasi kutokana na kinyesi cha tembo, na watoto hukataa kabisa kuamini mpaka waishike na kuinusa. Shambani salimia kwanza: shikamoo kwa mkubwa, ndipo uulize njia. Embe lililoanguka chini ya mti lina mwenyewe, na korosho pia. Nunua madafu kwa mgema au mkwezi pale pale, hayatakuwa na bei ya ufukweni.

Chupa za plastiki ziacheni nyumbani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi, fuo na misitu iliyolindwa, na mkoba wako utakaguliwa getini. Chukua chupa ya kujaza tena, kofia, dawa ya mbu. Masika usiende na watoto wadogo, udongo mwekundu wa Kwale ukilowa ni kama sabuni. Agosti, kusi inapovuma, ndiyo tamu zaidi. Ondoka Likoni saa kumi na mbili asubuhi, maana kuanzia saa tano wanyama wamelala vivulini na nyote mtaona nyasi.

Wakati wa kutoka, fungua kaniki, ikunje, mrudishie mwongozaji mkononi, usiitupe juu ya kiti. Kisha kung'uta viatu kabla ya kupanda gari. Safari ile ya mbegu, mvulana yule ndiye aliyekaa chini wa kwanza, akavua viatu, akavigonga kimoja kwa kingine juu ya njia, akachungulia ndani, akavigonga tena.