Je, mateso ya kuacha afyuni ni udhaifu wa nia?

Wengi wameamini kwa miaka mingi kwamba mtu anayeteseka anapoacha mofini au heroini, dawa zitokanazo na afyuni, anasumbuliwa na udhaifu wa nia tu, na kwamba angejikaza, mateso hayo yasingekuwapo. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa kinachotokea ndani ya mwili wa mwingine hatukioni kwa macho.

Panya wa maabara, hata hivyo, hana heshima ya kulinda wala aibu ya kuficha. Akidungwa mofini kwa siku kadhaa mfululizo, kisha akapewa naloksoni, dawa inayoiondoa mofini kwenye vipokezi vyake (sehemu za seli ambako mofini hujishikiza ili ifanye kazi), ndani ya dakika chache hujikung'uta mwili mzima kama mbwa aliyetoka majini, meno yake hugongana, naye huharisha na kupungua uzito. Mwenzake aliyedungwa maji ya chumvi pekee, akipewa naloksoni ileile, kwa kawaida haonyeshi dalili hizo. Sababu ni kwamba seli za neva zilizokandamizwa na mofini hujirekebisha ili kuushinda ukandamizaji huo, na kizuizi kikiondoka ghafla hufanya kazi kupita kiasi.

Hili, na ningependa lisisitizwe, halimaanishi kwamba utegemezi wa mwili, yaani mwili kuizoea dawa hadi kuugua ikikosekana, ni sawa na uraibu, yaani kuitafuta dawa bila kujizuia: mgonjwa anayetibiwa maumivu makali kwa mofini anaweza kuwa na utegemezi bila kuwa mraibu.

Msomaji anayekutana na dai kuhusu majaribio ya aina hii aangalie kama kulikuwa na kundi la kulinganishia, na kama kilichopimwa ni dalili za mwili au ni juhudi za mnyama kuitafuta dawa.