Kupampu: kunyanyuka juu ya foili wakati upepo ni haba

Gari likikata betri, watu husukuma. Dereva anatia gia ya pili, anakanyaga klachi, wenzake wanasukuma mpaka magurudumu yapate mwendo, ndipo anaachia klachi na injini inashika. Akiiachia mapema, gari linagutuka na kusimama papo hapo, na wasukumaji wanaanza kumtazama vibaya. Kupampu katika wingifoili ni kazi hiyo hiyo. Ni nguvu ya mwili inayotiwa kwa muda mfupi, sekunde kumi hivi, ili chombo kipate mwendo ambao upepo peke yake umeshindwa kukipa.

Kwa asiyekifahamu chombo chenyewe: mkononi unashika bawa la kitambaa lenye mirija ya kujazwa hewa. Halijafungwa kwenye ubao, wala halikuvuti kiunoni kama kaiti, yaani tiara kubwa la kuburuza mtu majini. Lina kamba ya usalama tu. Miguuni una ubao, na chini ya ubao ndiko iliko foili, yaani mlingoti unaoshuka majini, kwa kawaida sentimita 75 hadi 90, wenye pezi kubwa mbele na pezi dogo nyuma. Upepo unasukuma bawa, bawa linakuvuta wewe, nawe unaupeleka ubao kwa miguu. Mwendo ukitosha, pezi linainua kila kitu na ubao unatoka majini kabisa. Mchezo huu ulienea duniani mwishoni mwa miaka ya 2010, na leo ukikaa ufukweni Paje au Diani utayaona mabawa hayo katikati ya kaiti.

Sasa kwa nini upepo mdogo unasumbua hivyo? Kwa sababu nguvu ya pezi ya kunyanyua haiongezeki sambamba na mwendo. Inaongezeka kwa mraba wake. Tuseme wewe na vifaa vyako mna kilo 85, na pezi lako la sentimita za mraba 1,700 linahitaji kilomita 12 kwa saa ili liubebe uzito huo. Ukienda kilomita 9, ambazo ni robo tatu ya mwendo unaotakiwa, hupati robo tatu ya nguvu. Unapata asilimia 56. Ndiyo maana mtu anaburuzwa dakika nzima akidhani amebakiza kidogo tu, kumbe yupo nusu ya njia.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha mambo yote. Ubao ukiwa bado umelala majini, unakokota maji. Ukishatoka, mzigo huo unapungua ghafla, mwendo unapanda, na mwendo wenyewe unazaa upepo. Aliyepanda bodaboda siku ya shwari anaujua upepo huo, maana majani ya minazi yametulia lakini shati lake linapepea. Bawa halitofautishi upepo wa Mungu na upepo wa mwendo, linakula wote. Kwa hiyo upepo unaohitajika kukubakiza juu ni mdogo kuliko ule wa kukutoa chini. Mtu wa kilo 75 mwenye bawa la mita za mraba 5 au 6 na pezi kubwa anaweza kuruka kwa raha kwenye noti 10, kama kilomita 18 kwa saa, ila kwa upepo huo huo asipopampu atakaa majini mpaka jua lizame. Pengo hilo kati ya kupanda na kubaki ndilo linalozibwa na pampu. Upepo ukiwa chini ya noti 8, mimi hubaki ufukweni na kunywa dafu.

Neno kupampu linawapoteza wengi kwa sababu linaleta picha ya kujaza tairi: pushi, pushi, pushi, kwa nguvu na kwa haraka. Nilianza hivyo hivyo. Siku moja, msimu wa tanga mbili, yaani kati ya kaskazi na kusi, nilikuwa nikipigapiga bawa kwa mikono yote miwili bila kusogea, ngalawa ikapita taratibu pembeni yangu, na mvuvi mmoja akauliza kwa sauti, “Kijana, kuku wako huyo anataka kuruka au kutaga?” Ngalawa nzima ilicheka. Alikuwa amesema kweli, maana nilikuwa napiga hewa, na ubao haukuwa umeambiwa lolote.

Pampu ni mbili, ya bawa na ya ubao, na hazianzi kwa wakati mmoja.

Kabla ya zote mbili kuna mwelekeo. Usianze ukiwa unakwenda bisho, yaani ukiukabili upepo. Legeza, upepo uje ubavuni na kidogo mgongoni. Tazama nyuma ya bega lako utafute mahali ambapo maji yameingia weusi kwa viwimbi vidogo, kwani hapo ndipo mvumo wa upepo unapokuja. Mvumo ukikufikia, na ikiwezekana kijiwimbi kikiwa kinainua mkia wa ubao, ndipo uanze. Ukianza wakati upepo unalegea utajichosha bure, kisha mvumo utakukuta huna pumzi.

Bawa kwanza. Mkono wa mbele unaongoza, mkono wa nyuma ndio unaofanya kazi. Ni kama kupiga kafi upande mmoja wa mtumbwi: unapeleka mbele na juu, unachota, unavuta kwenda chini mpaka mkono wa nyuma ufike karibu na nyonga, halafu unarudisha. Kurudisha ndiko kunakoharibu watu. Wanalegeza kabisa, bawa linapepea kama kanga kambani, na kila mvuto unaanza upya kutoka sifuri. Legeza kiasi tu, bawa libaki limejaa kidogo hata likiwa linapanda. Ncha ya chini isiguse maji, na ikigusa umekwisha. Mivuto miwili mitatu mirefu ina faida kuliko kumi mifupi. Wakati huu miguu imetulia, magoti yamekunjwa, macho yanatazama mbele.

Utajuaje kwamba zamu ya miguu imefika? Sikiliza. Ubao ukiwa mzito, maji chini ya pua yake yanabwabwaja. Ukianza kuteleza, sauti inabadilika, yanakuwa kama yananong’ona. Hiyo ndiyo klachi. Ukiukandamiza ubao kabla ya sauti hiyo, unauzamisha na kuua mwendo wote uliouchuma kwa mikono.

Sasa kunja magoti zaidi ukikanyaga kwa miguu yote miwili, kisha nyanyuka kama anayeinuka kutoka kwenye mbuzi ya nazi, upesi lakini bila kuruka. Ufunguo ni kuoanisha: bawa likivutwa, mwili unapanda, bawa likirudi juu, mwili unashuka. Unapovuta, uzito wako kwa nusu sekunde unaning’inia kwenye bawa, ubao unakuwa mwepesi, na pezi linapata nafasi ya kuuinua. Ubao utaanza kudundadunda. Kwenye mdundo wa pili au wa tatu, ongeza uzito kidogo mguu wa nyuma ili pua ipande. Kidogo kwelikweli, kama unavyogusa breki kwenye changarawe. Mara utoke majini, hamishia uzito mguu wa mbele. Wengi husahau hapa kwa furaha. Wanabaki wameegemea nyuma, ubao unapanda kama ndege mpaka pezi linachungulia nje ya maji, linameza hewa, na wote wanaanguka chini pamoja, mtu, ubao na furaha yake.

Kuna kosa kubwa zaidi la mguu wa nyuma, nalo linafanyika kabla ya kupaa. Pezi likiinuliwa pua mno, maji hayafuati tena mgongo wake. Yanabanduka, na nguvu ya kunyanyua inapotea pale pale. Ukiwa juu yake utahisi ubao umekaa chini kama basi lililopigwa breki. Watu wakihisi hivyo hukandamiza zaidi, wakati dawa ni kinyume chake: rudisha pua chini, acha ubao uteleze, uanze tena.

Kwa nini lakini kushuka na kupanda kulete mwendo wa kwenda mbele? Walioenda Kizimkazi kuwaona pomboo wamekwisha kuona jibu. Mkia wa samaki hupiga kulia na kushoto, wa pomboo hupiga juu na chini, na mnyama anakwenda mbele. Pezi likisukumwa chini huku linasonga, maji yanalijia kwa mshazari kutoka chini, na nguvu yake inaelemea mbele kidogo badala ya kwenda juu tu. Likipanda, inatokea hivyo kwa upande wa pili. Jambo hili lilielezwa na wanasayansi wawili, Knoller mwaka 1909 na Betz mwaka 1912, kila mmoja kivyake, wakiwaza mabawa ya ndege hewani. Maji yana msongamano zaidi ya mara 800 kuliko hewa, ndiyo maana kipande kidogo namna ile chini ya miguu kinatosha kumsukuma mtu mzima. Wapo wanaopampu bila bawa wala upepo, wanaruka kutoka gatini na kuzunguka kwa miguu tu. Ni mazoezi mazuri, ila mapaja yatakulaani.

Katika mashindano ya kawaida ya matanga, kupampu ni hatia. Kanuni ya 42 ya mashindano hayo inakataza kulivuta na kulilegeza tanga mara kwa mara ili kusukuma chombo, kwa hoja kwamba chombo kiendeshwe na upepo na maji. Kwenye mbao za upepo wameiachia, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024, ambayo matanga yake yalichezwa Marseille, ubao wa iQFOiL wenye tanga na foili ulipoingia kwa mara ya kwanza, wachezaji walipampu mbele ya dunia nzima.

Kuhusu vifaa, nina msimamo. Mgeni akishindwa kunyanyuka, duka humshauri anunue bawa kubwa zaidi. Mimi ningemwambia abadilishe pezi kwanza. Bawa la mita 7 ni zito, ncha zake zinagusa maji, na kulipampu ni kama kupiga kafi kwa mlango. Pezi pana na lenye eneo kubwa linapaa kwa mwendo mdogo na linasamehe makosa ya mguu. Mapezi marefu membamba yanateleza vizuri mno yakishapaa, lakini mengi yanadai mwendo zaidi wa kuanzia, na hicho ndicho hasa mgeni hana. Ubao nao uwe na ujazo wa kukubeba ukiwa umesimama tu. Kwa kuanzia, lita 30 au 40 juu ya kilo zako.

Kwa Paje, kaskazi na kusi zikiwa zimeshika hutahitaji sana haya yote. Pampu ni ya asubuhi za matlai na ya miezi ile upepo haujaamua unakaa upande gani. Lakini angalia maji kabla ya kuangalia upepo. Mlingoti wa sentimita 85 unataka zaidi ya mita moja ya maji, na ukipampu unashuka zaidi. Siku za bamvua maji yakipwa, unatembea kwa miguu kuelekea mwambani, na katikati kuna vigingi na kamba za akina mama wanaolima mwani. Pezi la foili lina makali, kamba haina macho, na ule ni mshahara wa mtu. Ngoja maji yajae, au toka kabla hayajapwa, upite mbali na mashamba.

Upepo ukikata ukiwa nje na pampu zote zimegoma, usisimame ukashindana nao. Piga magoti, kisha lala kifudifudi, burura bawa nyuma kwa kamba yake, na piga mikono kuelekea pwani. Kaskazi na kusi zote mbili huingia Paje kwa mshazari kutoka baharini, kwa hiyo hata upepo uliobaki, ule ulioshindwa kukunyanyua, utakusaidia kurudi.