Tunavyodanganyana kuhusu mpango kabambe wa Dar

Kikao cha mtaa wetu kilivunjika kwa kelele kisa eneo la wazi. Kwenye mchoro wa mipango miji pale pameandikwa uwanja wa michezo na shule, ukienda pale chini unakuta nyumba saba zina watu, zina umeme, moja ina duka. Nilikaa nasikiliza watu wazima wanarushiana maneno mpaka jua linazama, na mengi waliyokuwa wanayasema sio kweli, ila wanayaamini kabisa. Mimi ni mkazi tu, sio afisa mipango miji, ila kiwanja kiliniumiza (nitasema mbele) na tangu hapo nimekuwa nasoma hizi sheria na kufuatilia michoro. Ngoja niyaweke hapa yale ninayoyasikia kila siku.

"Dar haijawahi kupangwa ndo maana iko hivi"

Imepangwa, tena mara nyingi. Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi mwaka 1891, Waingereza wakaendeleza ule mgawanyo ambao mpaka leo wazee wanataja Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, halafu ukaja mpango kabambe (mchoro mkuu wa jiji zima, nini kikae wapi) wa 1949, baada ya uhuru ukaja wa 1968, kisha wa 1979. Hii miwili ya mwisho ilichorwa na kampuni za Canada. Ule wa 1979 ulikuwa wa miaka 20 tu, yani ulikufa 1999, na uliofuata ndo huu wa 2016 hadi 2036. Sasa piga hesabu, sensa ya 1978 mkoa ulikuwa na watu kama laki nane na nusu, sensa ya 2012 ilikuta watu 4,364,541. Ongezeko lote hilo tumelibeba kwa mchoro mmoja wa zamani, na miaka mingi bila mchoro wowote ulio hai.

Na hata mchoro ulipokuwepo, viwanja vilivyopimwa havikutosha. Mwalimu, fundi, mama lishe, wote wanataka kujenga leo, foleni ya kiwanja cha halmashauri ni miaka, sasa atafanyaje, anaenda kwa mwenye shamba, wanapima kwa hatua, mwenyekiti anagonga muhuri, mambo yameisha. Serikali iliona hilo, mwaka 2002 ikaanza mradi wa viwanja 20,000 kule Mbweni, Bunju, Buyuni, Kibada, Toangoma na kwingine, na vilipimwa vingi kuliko lengo lenyewe. Ila vingi vilikaa pori muda mrefu maana maji na barabara vilichelewa kufika, na mtu wa kipato cha chini hakukaa huko, alibaki karibu na kazi yake hata kama ni bondeni.

Bonde lenyewe la Msimbazi ndo linaniuma kuliko yote. Mpango wa 1979 ulishasema lile ni eneo hatarishi, watu wasijenge. Watu walijenga, na hata miundombinu ya umma ikapelekwa humo humo, depo ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, baada ya hapo zikaja bomoabomoa za mwishoni mwa 2015. Kitu kilikuwa kimeandikwa zaidi ya miaka 30 nyuma.

"Mipango ni ya wataalamu na waziri, madiwani wanagonga muhuri tu"

Hapa ndo nataka watu wanisikilize vizuri. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 (namba 8) inasema mamlaka ya upangaji ni halmashauri yenyewe. Baraza la madiwani ndo linapitisha azimio kwamba tunataka kupanga eneo fulani, wananchi na wadau wanatakiwa kuitwa kabla mchoro haujaanza, ukimaliza kuchorwa unatangazwa na kubandikwa watu wauone na waweke pingamizi, waziri anakuja kuidhinisha mwishoni. Wataalamu wanachora lakini kuamua kwamba pembezoni pale pabaki mashamba au paruhusiwe makazi, dampo liende wapi, makaburi yaende wapi (hili kila mtaa unalikataa), barabara ya mtaa iwe na upana gani, hayo yanapita kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira halafu baraza kamili. Na baraza linakaa kila robo mwaka, mwananchi anaruhusiwa kuingia akakaa akasikiliza. Mimi nimeingia. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu, tulikuwa watatu na mwandishi mmoja wa habari, na siku ile walikuwa wanajadili mabadiliko ya matumizi ya viwanja ambavyo watu wangu wa mtaani wangevipigia kelele sana wangejua.

Hizo kelele tunazipiga baadae, greda likishafika.

"Huna hati huna haki, ukiwekewa X umeisha"

Watu wengi Dar wanaishi maeneo ambayo hayajapimwa, makadirio yaliyozoeleka ni asilimia 70 au zaidi. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 inatambua watu waliokaa kwenye ardhi kwa muda mrefu, ina kifungu cha leseni ya makazi na ina utaratibu wa urasimishaji, yani makazi yaliyojengwa bila mpango yanapimwa na kutambuliwa. Pia fidia siku hizi inahesabu thamani ya ardhi yenyewe, sio matofali na miti tu. Kwa hiyo mtu akikwambia chukua hela hii ya bati usepe kwa sababu huna hati, usisaini siku hiyo, omba uone uthamini.

Na hizo X zinazochorwa kwenye nyumba za kubomolewa zina rangi. Kwa barabara kuu, Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 kila upande kuanzia katikati ya barabara hadi mita 30. Aliyejenga ndani ya ile ya zamani anawekewa nyekundu, anahesabika kavamia. Ambaye barabara imemfuata kwenye ile nyongeza anawekewa ya kijani, huyo anastahili kulipwa. Nimeona mtu mwenye X ya kijani ameuza mabati yake kwa hofu wiki ile ile.

Lakini tusidanganyane upande wa pili pia, kuna watu wanadhani muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa unatosha. Mimi ndo nilikuwa mmoja wao. Nilinunua kipande huku pembezoni, mashahidi wanne, asilimia 10 ya ofisi nimetoa, karatasi ina mihuri miwili, nikamwaga mchanga na kokoto. Miaka miwili baadae wapima wanakuja na bikoni zao (zile alama za mipaka), kipande changu chote kimeingia kwenye barabara ya mtaa ya mita 12. Mchoro ulikuwepo halmashauri kabla sijanunua. Hakuna aliyeniambia nikaulizie na mimi sikujua kwamba unaweza kwenda ofisi ya mipango miji na jina la mtaa na alama za GPS za simu tu wakakuangalizia. Nenda kabla ya kulipa hata shilingi, wakikuzungusha rudi tena kesho.

"Jiji linajaa kwa sababu ya watu wa mikoani"

Wanakuja ndio, wamekuja siku zote. Ila angalia sensa ya 2022: Dar watu 5,383,728, kasi ya kukua imeshuka mpaka kama asilimia 2.1 kwa mwaka kutoka 5.6 ya sensa iliyopita, wakati taifa zima ni 3.2. Wameenda wapi? Tazama Pwani, kutoka milioni 1.1 mpaka milioni 2.02 ndani ya miaka kumi. Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo, huko ndo Dar inaendelea kukua, mtu analala Pwani anafanya kazi Kariakoo. Na kila halmashauri hupanga ndani ya mpaka wake tu. Ndani ya mkoa tu zipo tano, Ilala ndo jiji tangu Februari 2021 lilipovunjwa lile baraza la jiji la juu, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni kila moja na baraza lake. Maji ya mvua yakitoka kwenye halmashauri moja hayasubiri baraza la pili likae.

Halafu lile la ghorofa, kwamba wakiruhusu ghorofa ndo maendeleo au ndo msongamano, inategemea unachofukia chini. Kariakoo nyumba za Kiswahili zimegeuka ghorofa nane, kumi, kwenye mitaa ile ile na mifereji ile ile. Ghorofa kando ya njia ya mwendokasi zenye maji taka yaliyopangwa zinapunguza mtu kukimbilia Mkuranga, mimi nazikubali. Ila idadi ya ghorofa ipite barazani pamoja na bomba, sio bomba lije baadae.

Turudi kwenye eneo letu la wazi. Watu wanasema eneo la wazi ni la serikali, halina mwenyewe. Sasa watoto wetu wanacheza mpira barabarani kwa sababu lile eneo lilikuwa lao. Hata hivyo zile familia saba ziliuziwa na mtu, na zilipewa mihuri, sitaki kuona zinavunjiwa usiku. Upangaji upya unaruhusiwa kisheria, mchoro unaweza kurudishwa barazani, sehemu ikarasimishwa, shule ikatafutiwa pengine kwa kununua kwa mwenye shamba la jirani kabla nalo halijakatwa vipande. Diwani amesema suala litaingia kikao cha kamati robo hii. Nimeshapita nyumba zote saba, sita zimesema zinakuja, ya saba baba mwenye nyumba yuko safarini ila mama kasema ataleta karatasi zake za mauziano.