Kwa nini kinyota cha DOS hakikujali herufi iliyokifuata?

Kwenye kompyuta ya miaka ya 1980 yenye MS-DOS, mfumo endeshi wa Microsoft, ukiandika DIR *A.TXT (DIR ni amri ya kuorodhesha faili, na * ndiyo kinyota) unategemea kuonyeshwa faili za TXT ambazo majina yake yanaishia na A. BARUA.TXT inakuja, sawa. Lakini HESABU.TXT inakuja pia, na DENI.TXT, na kila TXT iliyopo. Kwa muda mrefu niliamini hiyo ni hitilafu, kwa sababu nilichukulia kinyota kuwa ni "herufi zozote, idadi yoyote". Sivyo kilivyokuwa. Ukweli ni kwamba kinyota hakikufika kabisa kwenye kazi ya kutafuta.

Fikiria fomu ya mtihani yenye visanduku, kila kimoja herufi moja. Kwenye diski kila faili lina fomu ya baiti 32, na visanduku 11 vya mwanzo ni vya jina: 8 vya jina lenyewe, 3 vya kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta, kama TXT. Nukta haiandikwi. BARUA inajaza vitano, na vitatu vinavyobaki vinawekwa nafasi tupu.

Ukiomba faili, mfumo unaandaa fomu yake ya visanduku 11 na kuilinganisha na kila jina, kisanduku kwa kisanduku. Alama ya pekee inayoijua ni ile ya kuuliza, inayopitisha chochote, hata nafasi tupu. Kinyota kilibadilishwa mapema, kabla msako haujaanza: jaza alama za kuuliza hadi mwisho wa sehemu hii. Basi BA* ikawa BA??????. Kwenye *A, kinyota kimeshachukua visanduku vyote vinane. A inafika na kukuta hakuna nafasi, inaachwa. Na kwa kuwa alama ya kuuliza inapitisha hata nafasi tupu, *.* ilileta hata faili zisizo na kiendelezi.

Utaratibu huu ulirithiwa kutoka CP/M, mfumo ulioanzishwa na Gary Kildall mwaka 1974. Humo kazi namba 17 ilitafuta faili la kwanza na namba 18 lililofuata, na MS-DOS ikabaki na namba zilezile. Kwa mashine zenye kumbukumbu ya kilobaiti chache, kulinganisha visanduku 11 ni kazi nyepesi mno, nami nauona ni ubunifu mzuri. Majina marefu ya Windows ndiyo yaliyokipa kinyota maana tuliyoizoea.

Hatari ilikuwa kwenye amri ya kufuta, DEL *A.TXT. Ilifuta TXT zote bila kukuuliza mara mbili. Ila kufuta kulibadilisha kisanduku cha kwanza tu cha jina, kikawekwa alama ya kuachwa na msako, na sehemu za faili zikahesabiwa kuwa wazi. Kwa hiyo amri ya UNDELETE, iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991, iliweza kukuonyesha ?ARUA.TXT na kukuomba herufi ya kwanza. Ukiandika B, barua yako inarudi, mradi hakuna faili jipya lililokwisha kuandikwa juu yake.