Oili ya giaboksi ya auto: siyo kwamba ukiibadilisha gari inakufa

Kuna meseji inazunguka sana kwenye magrupu ya huku Mtwara na Lindi, eti gari ya auto ya zamani usiguse oili ya giaboksi, ukibadilisha tu imekufa. Jamani si kweli. Oili inachakaa na joto, na ndiyo inayosukuma gia ziingie. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu wengi wanamwaga oili gia zikiwa tayari zinateleza, klachi za ndani zimeshaisha, gari ikigoma njiani kwenda Masasi lawama inaiangukia oili mpya. Wengine wamewekewa oili isiyo yake, gari ya CVT (auto inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida) ina oili ya kwake kabisa, hapo lazima iharibike.

Kama gari yako ina stiki ya kupimia oili ya giaboksi, ichomoe, dondoshea tone kwenye tishu nyeupe: nyekundu safi ni nzuri, ikiwa nyeusi na inanuka kuungua ujue ndani kuna shida, mwambie fundi apime kwa mashine kwanza kabla ya kumwaga chochote. Aina ya oili ipo kwenye kitabu cha gari. Hiyo meseji ukiipata usiforwadi, naomba sana, watu wanaua magiaboksi kwa kuogopa.